Kumpima Mpiga Litungu

Mwimbaji wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, asikilizwe vidole kwanza, sauti baadaye. Wengi wetu huanza na sauti, tukisikia mtu ana koo tamu tunasema huyu ndiye. Lakini koo tamu si adimu; kila kwaya ya kanisa kati ya Webuye na Kiminini ina makoo matamu matatu manne. Wimbo unaomfanya mzee avue kofia na kuinama huwa umeanzia kwenye nyuzi.

Litungu ni chombo cha Wabukusu chenye nyuzi saba: bakuli la mti lililowambwa ngozi, miti miwili inayopanda, na mti wa kukingama juu unaoshika nyuzi. Zamani nyuzi zilitokana na kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile ya kuvulia samaki. Fika mapema umwone mpigaji akizilinganisha. Hugusa uzi mmoja, akasikiliza, akazungusha kidogo pale ulipofungwa juu, akaugusa tena pamoja na wa jirani yake. Anayemaliza kazi hiyo haraka huku akipiga soga, usimtarajie sana. Fundi wa kweli hurudia hata baada ya watu kuanza kuguna, na katikati ya shughuli jasho na joto vikilegeza uzi, atasimamisha kila kitu aurekebishe. Mimi humpenda mtu papo hapo kwa hilo.

Akianza kuimba, tega sikio pale anaponyamaza. Mpigaji hodari hulifikisha neno kwenye jina la marehemu, au la mama aliyemwacha mtoto, kisha akafunga mdomo na nyuzi zikaendelea na lile ambalo lingesemwa. Mkono mmoja unashikilia mzunguko uleule, wa pili unatoka nje ya mzunguko hatua mbili tatu na kurudi. Hapo ndipo watu hulia. Anayejaza kila nafasi kwa maneno hamwachi msikilizaji aweke lake, na wimbo wake, hata ukiwa na mashairi mazuri, unapita juu ya vichwa.

Maneno nayo yana kipimo chake, na katika nchi hii kipimo hicho kiko tayari. Nenda ukasikilize kumuse, hotuba ya baada ya mazishi ya mzee wa Kibukusu, ambayo haisemwi na yeyote tu. Mzee Manguliechi alijulikana kote Bungoma na Trans Nzoia kwa kazi hiyo. Msemaji wa kumuse hutembea akienda na kurudi mbele ya watu, anataja ukoo, uhamaji, vita, aibu na heshima, bila ala yoyote ya muziki, na umati unakaa kimya. Ukishamsikia mtu wa aina hiyo utajua mara moja mwimbaji anapotaja majina bure. Wapo wanaokariri majina ya waheshimiwa waliokaa viti vya mbele, mmoja baada ya mwingine, hadi noti zitoke. Kutaja kwenyewe si kosa. Ni mila ya kazi. Sikiliza tu kama jina limekuja na kitu: kilima alikolima, soko la Chwele alikouza ng'ombe, watu aliowasomesha. Jina tupu ni ombi la pesa.

Na kuna nyimbo zisizofaa kupimwa hivi. Sioyaye, wimbo wa kumleta kijana wa tohara kutoka mtoni Agosti ya mwaka wa shufwa, una mahali pake na saa yake. Mwanamuziki anayeuchomeka katika burudani ya baa ili kuamsha watu, nampunguzia heshima, hata kama vidole vyake ni vya dhahabu.

Kitale inadai kitu kingine. Mji ule ulikua na reli iliyofika 1926 pamoja na mashamba ya walowezi, na leo sokoni utamkuta Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana na Mkikuyu wakibishana bei ya mahindi kwa Kiswahili. Mwimbaji wa hapo hana budi kuhamia Kiswahili bila wimbo kupoa, na wengi hushindwa: kwa Kibukusu wanaongea na mtu, kwa Kiswahili wanahutubia. Anayetaka kujua jinsi jambo hilo linavyofanyika amsikilize mpiga gitaa George Mukabi, mtu wa Kisa, aliyeuawa 1963. Gitaa lake la mtindo wa omutibo hupigwa kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea na besi, kidole kinaimba juu, na Kiswahili chake ni kile cha mtu anayezungumza na mkewe jikoni. Nyimbo zake zilikusanywa upya 2017 katika albamu ya Furaha Wenye Gita. Baada yake sikiliza kundi la Abana ba Nasery: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola akikwaruza chupa ya Fanta yenye mbavu. Fuata chupa peke yake kwa wimbo mzima. Haiharakishi hata mara moja, na utulivu huo ndio unaoipa huzuni ya waimbaji nafasi ya kukaa.

Kuhusu kinanda cha umeme na spika za disko matanga, ile dansi ya usiku msibani, sina ugomvi na umeme. Tatizo ni besi inayofunika kila kitu. Mwombe fundi wa mitambo aipunguze kwa wimbo mmoja. Mwanamuziki mwenye kitu atafurahi, asiye nacho utamwona anatafuta macho ya fundi. Vipindi vya Sulwe FM na West FM vitakupa majina ya kuanzia, ila redio haikuonyeshi mikono.

Ukimkodi mpigaji kwa matanga yenu, mpelekee habari siku moja kabla: ukoo wa marehemu, watoto wake, wajomba zake kwa upande wa mama, kazi aliyofanya, mtu aliyegombana naye wakapatana. Mpigaji mzuri atauliza mengine. Atataka kujua marehemu alikuwa akicheka namna gani, na kama mjane angependa hilo litajwe.