Toba ya Mkurugenzi na Hesabu ya Mhandisi: Uhakiki wa Kisa cha Interface katika Ufundishaji wa Uendelevu

Makala hii inahakiki namna kisa cha kampuni ya Interface kinavyotumiwa kuwafunza wanafunzi wa uhandisi kuuingiza uendelevu katika mkakati wa biashara. Hoja kuu ni kwamba kisa hiki, kinaposimuliwa kama toba ya mkurugenzi mmoja, humnyima mwanafunzi kile anachokihitaji zaidi kama mhandisi, yaani hesabu.

Masimulizi yenyewe yanafahamika. Ray Anderson, aliyesomea uhandisi wa viwanda Georgia Tech nchini Marekani, aliianzisha Interface mwaka 1973. Kampuni ilitengeneza mazulia ya vipande, bidhaa inayotegemea sana mafuta ya petroli. Mwaka 1994, akijiandaa kuwahutubia wafanyakazi wake kuhusu mazingira, alisoma kitabu cha Paul Hawken kuhusu ikolojia na biashara, akabadili msimamo. Baadaye kampuni ilijiwekea lengo la kuondoa madhara yake kwa mazingira ifikapo mwaka 2020. Kimuundo, haya ni masimulizi ya uongofu: kosa, ufunuo, njia mpya. Yanagusa moyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana kampuni ya kuiongoa. Alicho nacho ni mchoro mezani.

Ndani ya kisa hichohicho mna sehemu mbili zinazomfaa zaidi. Ya kwanza ni ya kiwanda cha Interface cha Shanghai, mwaka 1997. Usanifu wa awali ulihitaji pampu zenye jumla ya nguvu za farasi 95. Mhandisi Jan Schilham alichagua mabomba mapana na pampu ndogo. Kisha akapanga mabomba kwanza na mashine baadaye, ili mabomba yawe mafupi na yaliyonyooka. Mahitaji yakashuka hadi nguvu za farasi 7. Hapakuwa na teknolojia mpya. Kwa mtiririko uleule, upotevu wa kanieneo unaotokana na msuguano hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kilichobadilika ni mpaka wa hesabu: gharama ya bomba pana haikulinganishwa na umeme utakaookolewa pekee, bali pia na bei ya pampu na mota ambazo sasa zingekuwa ndogo.

Sehemu ya pili ni ya kushindwa. Katika miaka ya 1990, Interface ilijaribu kukodisha mazulia badala ya kuyauza, ili yaliyochakaa yarudi kiwandani. Wateja walikuwa wachache. Katika vitabu vya wanunuzi, zulia lilinunuliwa kwa bajeti ya mtaji, ilhali usafi ulilipiwa kwa bajeti ya matunzo. Kodi iliyounganisha vyote viwili ilionekana ghali. Wazo lilikuwa sahihi kiuhandisi, lakini likakwama kwenye daftari la mnunuzi.

Inaweza kudaiwa kwamba bila ari ya kiongozi hesabu hizi zisingefanywa. Dai hili lina uzito, lakini ari si stadi inayoweza kupimwa katika mtihani. Aidha, mfano wa mabomba ukifundishwa peke yake hupotosha, kwa kuwa mwanafunzi ataamini kwamba uendelevu huokoa fedha daima. Mfano wa ukodishaji ndio unaosahihisha imani hiyo. Hivyo mifano hii miwili haina budi kwenda pamoja.

Kwa wanaofundisha kwa Kiswahili, istilahi yenyewe inadai umakini. “Maendeleo” na “uendelevu” yote yanatokana na kitenzi “endelea”. Swali la msingi, ambalo neno hilo halilijibu, ni hili: kinachoendelea ni nini, faida ya kampuni au uhai wa mazingira? Mwanafunzi asiyeulizwa swali hili anaweza kuandika insha nzima akimaanisha la kwanza huku mtahini akisoma la pili.

Kwa kuhitimisha, makala inapendekeza kwamba mwanafunzi apewe mchoro wa mabomba, orodha ya bei na bajeti mbili za mnunuzi, kisha aoneshe ni wapi pendekezo lake litapita na ni wapi litakwama. Insha kuhusu ujasiri wa Anderson itampa alama. Haitamsaidia siku atakapoulizwa na mhasibu wa kiwanda kwa nini bomba lake ni ghali.