Kanda Zilizofukiwa na Hadhira Mbili

Mkusanyo wa Sweet as Broken Dates, uliotolewa na kampuni ya Ostinato Records mwaka 2017, una nyimbo za Kisomali zilizonusurika, zikiwemo zilizorekodiwa kwa ajili ya redio na si kwa soko. Majeshi ya Siad Barre yalipoushambulia mji wa Hargeisa mwaka 1988, watunzaji walifukia kanda ardhini ili zisiteketee.

Wasikilizaji wa ng'ambo wameupenda mno mkusanyo huu. Wanachokisifu ni upekee wake: kinanda kinachoyumba, gitaa la umeme, hata mkwaruzo wa utepe. Pendo hilo si la kubezwa, maana limezirejesha sauti zilizokaribia kupotea. Hata hivyo, limeishia kwenye ala.

Kwa msikilizaji wa Balambala, kando ya Mto Tana, Kisomali ni lugha ya mama. Yeye husikia zaidi ya ala. Katika ushairi wa Kisomali, sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa mstari hadi mstari, na takriri hiyo ndiyo uti wa mgongo wa utungo. Isitoshe, wimbo wa kisasa wa Kisomali aghalabu huwa na mtunzi wa maneno, mtunzi wa lahani na mwimbaji, kila mmoja na heshima yake.

Kwa hiyo, mhakiki anayeyachukulia masalia haya kuwa kioja cha ala tu amefukua kanda, akaliacha shairi ardhini. Kazi iliyobaki ni kuyanakili maneno, kuyafasiri na kuwataja watunzi wake.