Pongezi kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto

Kitabu cha kiada mtoto hukisoma kwa kuwa mwalimu ameagiza. Mpe hadithi ya sungura anayemlaghai fisi, naye atafunua ukurasa unaofuata bila kuambiwa. Hapo ndipo anapogundua kwamba maneno yanaweza kumchekesha, kumtisha, hata kumfanya amwonee huruma mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulilitambua hilo wakati hadithi za watoto za Kiswahili zilikuwa adimu. Wachapishaji waliogopa hasara, na siwalaumu: mzazi mwenye fedha kidogo hununua daftari kwanza. Mradi ukawaondolea hofu hiyo kwa kununua sehemu ya nakala za vitabu vilivyofaa na kuzipeleka shuleni, huku nyingine mchapishaji akiziuza mwenyewe. Naona huu ni utaratibu wa busara sana, maana ulimlisha mchapishaji na msomaji kwa pamoja.

Ukafundisha pia waandishi, wachoraji na walimu. Wachoraji husahaulika, nami nawapa heshima ya pekee, kwani mtoto asiyeweza bado kuunganisha silabi huanza kwa kuisoma picha. Na hongera kwa kila mwalimu anayesoma kwa sauti, akanyamaza makusudi fisi anapokaribia mtego, darasa zima likapiga kelele kubashiri kitakachotokea.