Maisha Nyuma ya Jalada

Chukua kitabu kilichotoka karibuni, ukigeuze, usome maisha ya mwandishi. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, ana shahada mbili, ana mke na watoto watatu. Hiyo ni barua ya kuombea kazi. Njaa aliyoilalia, mtu aliyemwogopa, mswada alioukatia tamaa, hayo hayamo.

Mshairi na mwandishi Shaaban Robert alikuwa fundi wa namna nyingine. Alimkuta Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, uzeeni, akakaa akamsikiliza. Bibi alifariki 1950, na wasifu wake ukatoka 1958, hakuwahi kuuona. Bibi huyo tungo zake zilikuwa kichwani, kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika. Kwao Fumba, ukoo wa watu waliopitia utumwa, alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, mjini. Mwandishi mwenye haraka angelirukia Bombay ya 1928, kwenye santuri zilizomtangaza pwani nzima. Lakini Siti haeleweki bila vyungu. Alifinyanga, akavibeba kutoka shamba, akavinadi njiani kwa sauti iliyosikika kabla hajaonekana, na sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoketishwa baadaye mbele ya wakubwa wa Unguja. Wapo waliomcheka sura na asili yake. Shaaban hakuyafukia masimango hayo. Aliyajibu, tena kwa ukali wa mtu anayemtetea dada yake. Alimpamba mno, hilo sibishi. Kuna kurasa ambamo Siti hana hata doa la kibinadamu. Hata hivyo ukifunga kitabu unajua umekutana na mtu.

Shaaban nafsi yake aliiandika pia. Katika Maisha Yangu, karani huyu wa forodha anamlilia mkewe Amina kwa shairi, na watoto wake, binti yake Mwanjaa na mwanawe wa kiume, anawaachia tenzi za wosia. Mwanamume wa pwani wa zama zile kuufungua mlango wa chumbani kwake kiasi hicho, tena bila kujivunjia heshima, ni ustadi ambao sijauona kwa wengi waliomfuata. Alijua pa kuinua pazia na pa kuliacha.

Hata hivyo tungelikuwa na nusu yake tu kama si mdogo wake, Yusuf Ulenge. Kaka aliandika barua tangu 1931 hadi 1958, mdogo akaziweka. Zilipochapwa 2002, Shaaban mwenyewe alikuwa kaburini miaka arobaini. Humo hakuna mshairi wa kupigiwa makofi. Yumo kaka mtu, na mambo ya nyumbani.

Nani anaweka barua siku hizi? Malenga akizikwa, arobaini haijaisha, warithi wanagawana vyumba, na sanduku la karatasi linatolewa uani lipishe kitanda. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi ya mashairi yaliyoandikwa kwa mkono, mizani imehesabiwa pembeni kwa penseli, jina la mtunzi halipo. Muuzaji hakujua karatasi zilikotoka. Alizinunua kwa kilo. Na malenga hao angalau waliandika kwenye karatasi. Watunzi wa leo wanaandikiana na ndugu zao kwa simu, usiku kucha, mambo mazito na matamu. Simu ikiibwa kwenye daladala, mwenyewe anasikitikia picha na namba za watu.