Treme: Ngoma ya Mji Uliozama

Kazi ya sanaa iliyozaliwa na msiba hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kulia mno hata msiba ukageuka bidhaa. Ya pili ni kufariji upesi hata msiba ukasahauliwa. Mchezo wa televisheni uitwao Treme, uliotungwa na David Simon na Eric Overmyer, ukaonyeshwa na kampuni ya HBO ya Marekani tangu Aprili 2010 mpaka Desemba 2013 katika sehemu 36, ulipita katikati ya hatari hizo mbili. La kuuliza juu yake si kama ulipendwa au ulichukiwa, bali kama ulivuka salama, na kwa chombo gani.

Habari za msiba wenyewe zajulikana. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina iliupiga mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana. Kuta za kuzuia maji, kazi ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, zilibomoka, na sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa. Tufani hiyo iliua watu zaidi ya 1,300. Katika hesabu ya mwaka 2000 mji ulikuwa na wakazi 484,674; katika hesabu ya mwaka 2010 walikuwa 343,829. Mchezo umepewa jina la mtaa wa Tremé, mmoja wa mitaa ya kale ya watu weusi katika nchi hiyo. Humo umo uwanja wa Congo Square, ambapo watumwa walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza, na ambapo wanahistoria wengi hutafuta mizizi ya muziki wa jazi. Mji wa namna hii unapozama, hazizami nyumba tu.

Mchezo waanza miezi mitatu baada ya gharika. Jambo la kwanza aonalo mtazamaji si maji wala maiti, bali maandamano ya beni, kwa maana ileile ya neno hili iliyojulikana pwani ya Afrika Mashariki katika siku za Marini na Arinoti: matarumbeta, ngoma, mavazi ya fahari, na umati unaofuata nyuma kwa kucheza. Lakini kabla ya sauti ya kwanza kutoka, wapigaji wanabishana juu ya ujira. Antoine Batiste, mpiga tromboni, anawasili amechelewa, naye anabishana na dereva wa teksi juu ya nauli kabla ya kuitia ala yake kinywani. Katika mwanzo huo mdogo watunzi wametoa kauli yao kuu: muziki wa mji huu si hewa wala baraka iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni kazi, na mwenye kazi hula kwa jasho lake.

Wakosoaji wengi waliulaumu mchezo kwa kukosa kisa. Lawama hii yafaa isikilizwe kabla ya kujibiwa. Ni kweli kwamba hakuna fundo moja linalofungwa mwanzoni na kufunguliwa mwishoni. Mpishi apoteza mkahawa wake na kwenda New York. Mwanamke mwenye baa amtafuta ndugu yake. Msichana mpiga fidla ajifunza kutunga nyimbo. Mtangazaji wa redio azozana na wakubwa wake. Nyuzi hizi hukutana na kuachana kama wapitao njiani. Walakini kisa chenye fundo moja kingekuwa uwongo juu ya jambo linalosimuliwa. Mji haujengwi kwa tendo moja la shujaa mmoja. Hujengwa na mwenye kutafuta karatasi za bima asubuhi, akabandika bati mchana, akapiga tarumbeta usiku, na kesho akaanza tena. Mwendo wa pole wa mchezo ndio mwendo wa kazi yenyewe.

Ushahidi ulio bora ni Albert Lambreaux, aliyeigizwa na Clarke Peters. Mzee huyu ni fundi wa ujenzi, tena ni Jumbe Mkuu wa kundi moja la wale watu weusi wa New Orleans ambao siku ya Mardi Gras huvaa mavazi ya manyoya na ushanga kwa mfano wa wenyeji wa asili wa Marekani. Hadithi inayopokewa miongoni mwao ni kwamba mila hiyo ni shukrani kwa wenyeji waliowahifadhi watumwa watoro. Vazi hushonwa kwa mkono, ushanga kwa ushanga, kwa muda wa miezi, na mwaka unaofuata hutakiwa vazi jipya. Albert arudi, akuta nyumba yake imeharibiwa, aingia kukaa katika baa chakavu, naye ashika sindano. Watoto wake wamsihi aondoke. Yeye ashona. Mtazamaji huenda akaudhika kuona kifaa kile kikirudiwa sehemu baada ya sehemu. Lakini ukaidi huo una hoja kubwa kuliko hotuba kumi. Mtu asemaye kwamba mji umekufa amejibiwa na mtu ashonaye vazi la sikukuu ijayo.

Hata hivyo watunzi hawakumfanya Albert malaika. Ni mkali, ni mwenye kiburi, na mkono wake ni mwepesi kupiga. Anapoingia kwa nguvu katika nyumba za serikali zilizofungwa ilhali hazikuharibika sana, na polisi wakamkamata, mtazamaji hupewa haki na kosa katika tendo moja. Nyumba hizo hazikubuniwa. Mwezi wa Desemba 2007 baraza la mji lilipitisha kubomolewa kwa mitaa minne ya nyumba za namna hiyo, huku wengi wa waliokuwa wapangaji wake wakiwa bado ugenini. Mji ulitaka ngoma za watu wake ukakataa kuwapa mlango wa kurudia.

Hapa ndipo penye kiini cha mchezo, napo pameonyeshwa mapema. Albert na wenzake wamesimama mbele ya nyumba iliyovunjika, wakimwimbia mwenzao aliyepatikana amekufa. Basi la watalii lasimama. Waliomo wapiga picha, na dereva auliza kuna nini. Akiisha kuambiwa, aomba radhi na kuondoka. Tukio hilo ni fupi, wala halina ukali. Lakini swali lake lamgeukia mtazamaji. Yeye aliyeketi nyumbani kwake akiutazama msiba wa wengine kwa njia ya kioo, tofauti yake na wale wa ndani ya basi ni nini? Mchezo ulijiuliza swali hili kabla ya kuulizwa na adui zake, na kwa hiyo wastahili kupimwa kwa kipimo hicho chenyewe.

Jibu lake hupatikana kwa LaDonna, mwenye baa, aliyeigizwa na Khandi Alexander. Ndugu yake alikamatwa kwa kosa dogo la barabarani tufani ikikaribia, akapotea katika vurugu za magereza. Kwa miezi hakuna afisa ajuaye alipo. Mwishowe maiti yake yapatikana ndani ya lori la baridi, miongoni mwa maiti nyingine zilizowekwa humo. LaDonna aificha habari hiyo mpaka Mardi Gras ipite, ili mama yake apate sikukuu moja zaidi. Kisha ndipo yaja mazishi, na beni mbele ya jeneza, na kucheza baada ya kuzika. Mtalii angaliweza kuyaona mazishi hayo yenye matarumbeta na kusema kwamba watu hawa hufurahia hata kifo. Mtazamaji hawezi kusema hivyo, kwa kuwa amepelekwa kwanza mlango kwa mlango, ofisi kwa ofisi, mpaka lorini. Tofauti ya mgeni na mtalii ni kujua gharama ya ngoma. Hilo ndilo mchezo ulilofundisha, na kwa hilo ulijitenga na basi.

Kwa wanafunzi wa fasihi, lakini, kuna mtu mwingine wa kufikiriwa sana. Creighton Bernette, aliyeigizwa na John Goodman, ni mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu. Ana ufasaha na hasira ya haki. Katika sehemu ya kwanza atupa majini chombo cha kunasia sauti cha mwandishi wa habari, akisisitiza kwamba kilichouzamisha mji ni kazi mbovu ya binadamu wala si tufani peke yake. Anaandika riwaya juu ya gharika ya mwaka 1927, na riwaya haiendi. Mwisho ajitosa katika mto Mississippi. Je, watunzi walitaka kusema kwamba katika msiba mkono waokoa na neno laua?

Jibu la haraka lingekuwa ndiyo, nalo lingekuwa kosa. Mke wa Creighton, Toni, ni wakili. Naye pia aishi kwa maneno: barua, maombi ya mahakama, majina katika madaftari. Kwa maneno hayo ndipo ndugu yake LaDonna apatikanapo, na kwa maneno hayo Toni aendelea kuwaandama polisi juu ya mauaji ya siku za gharika. Basi kilichopungua kwa Creighton si kukosa kazi ya mikono. Neno lake lilikosa mtu wa kumpelekea. Lilikuwa kilio kilichorudi kwa mwenye kulia. Neno la Toni lilikuwa na mwenye dai upande mmoja na mwenye kudaiwa upande wa pili. Fundisho hilo ni kali kwa wenye kuandika, nalo ni la haki.

Kasoro za mchezo zatokana na kusahau fundisho hilo. Mara kwa mara watu wake husimama kusifu mji wao kama waliokodiwa na ofisi ya utalii. Wanamuziki wa kweli, kama Allen Toussaint na Dr. John, mara nyingine hupita kwa heshima tupu, mfano wa vyombo vya thamani katika kabati la kioo. Penye nyakati hizo basi la watalii huonekana likirudi, na dereva wake ni mtunzi.

Lakini zinapopigwa nyimbo zenyewe, ambazo zilinaswa hapohapo mbele ya kamera, sifa tupu hukoma na kazi hurudi. Antoine, asiyekuwa na kazi ya kudumu, awa mwalimu wa muziki shuleni, na mtazamaji amwona akihangaika na watoto wasiojua kushika ala. Delmond, mwana wa Albert, aliyekimbilia jazi ya New York, ajifunza polepole kuketi na babaye na kushona. Albert afariki kwa saratani kabla ya mchezo kwisha. Alichokijua kimekwisha kupita katika vidole vya mwanawe.

Picha ya mwisho ya mchezo ni shimo barabarani. Serikali haikulifukia. Watu wamelipamba kwa takataka na mapambo ya sikukuu, ili wapitao waone na wasianguke. Mwenye kutaka ushindi atasikitika, kwa kuwa shimo bado lipo. Mwenye kutaka maombolezo atashangaa, kwa kuwa limependeza. Watunzi waliukuta mji hivyo, nao wakauacha hivyo.