Kirisasi Kinapochelewa Njiani

Katika mashindano ya Extreme Benchrest huko Arizona, Marekani, mlenga shabaha huketi mezani, bunduki yake ya hewa imeegemezwa vizuri, na karatasi ya shabaha iko yadi 100 mbele yake, yaani mita 91. Mkono umetulia, darubini ni kali. Hata hivyo, risasi mbili zilizofyatuliwa kwa namna ileile huweza kuachana kwa upana wa kiganja.

Mkosaji mkuu ni upepo, na inafaa kuelewa unavyofanya kazi. Chukua kirisasi cha milimita 5.5 kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 270 kwa sekunde. Kama hewa isingekizuia, kingefika baada ya sekunde 0.34. Kwa kuwa hewa hukipunguza mwendo, hufika baada ya sekunde 0.39 hivi. Sekunde hizo 0.05 za kuchelewa, ukizizidisha kwa kasi ya upepo wa ubavuni, ndizo zinazotoa umbali ambao kirisasi kitasukumwa kando. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao uso hauuhisi sana, hukihamisha sentimita 10.

Kwa nini basi mlenga shabaha asiongeze kasi? Kwa sababu kirisasi hiki kina kiuno chembamba na sketi pana nyuma, kama kile kimpira cha vinyoya cha badminton, na umbo hilo halipatani na mwendo unaokaribia ule wa sauti, mita 340 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa hupanda ghafla, nacho huanza kuyumba. Ndiyo maana washindani wengi wa yadi 100 hubaki chini ya mita 300 kwa sekunde na kutafuta faida kwenye uzito: kile cha milimita 7.62 chenye gramu 2.9 hutunza mwendo vizuri zaidi kuliko cha 5.5 chenye gramu moja. Huo ni uamuzi wa busara.

Juu na chini kuna hesabu nyingine. Kwa mita 91, kirisasi chetu cha gramu moja hushuka sentimita 75 hivi kutoka mstari wa mtutu. Kasi ikipungua kwa mita 3 tu kwa sekunde, kitagonga sentimita 1.7 chini zaidi. Hapo ndipo regulata, kifaa cha kudhibiti mgandamizo wa hewa, inapolipa gharama yake, kwa kuhakikisha kila mlio unapata hewa ya mgandamizo uleule hata hewa iliyomo kwenye chupa ya bunduki inapoendelea kupungua. Wengine hupima virisasi kimoja kimoja kwenye mizani na kuvipanga kwa uzito.

Kosa linalosahaulika ni kuinamisha bunduki ubavuni. Nyuzi moja tu huhamisha tundu sentimita 1.3, na kinga yake ni pimamaji ndogo iliyofungwa kwenye darubini.

Tukirudi kwenye upepo, kati ya bendera zinazouonyesha uwanjani, wengi hukazia macho ile iliyo karibu na shabaha. Ingefaa waanze na ya karibu na meza, maana kirisasi kilichopindishwa mapema huendelea na mwelekeo huo mbaya hadi mwisho wa safari.

Siku hizi zipo pia risasi zisizo na kiuno, ambazo hazicheleweshwi sana na hewa njiani kama virisasi vya sketi. Lakini hizo hutaka mtutu unaozizungusha kwa kasi inayolingana na urefu wake, na mtutu uliotengenezewa virisasi vya sketi mara nyingi huzitawanya ovyo.