Majaribio ya Vihariri vya Matini kwa Mafaili Makubwa: Baiti Hazitoshi

Wanaopima uwezo wa vihariri vya matini wameshika desturi moja: hutengeneza faili kwa kurudufu mstari uleule hadi lifikie gigabaiti moja, hulifungua, kisha huhesabu sekunde. Jaribio la namna hiyo ni jepesi, na matokeo yake hukaa vizuri katika jedwali. Lakini kwa mtafiti wa lugha mwenye kopasi ya kutunza, jedwali hilo halina faida kubwa.

Kisa cha Visual Studio Code chathibitisha jambo hili. Programu hiyo ya Microsoft iliwahi kushindwa na faili la megabaiti 35 tu. Faili lenyewe lilikuwa na mistari milioni 13,7, yaani mstari mmoja haukufikia baiti tatu kwa wastani. Kihariri kilikuwa kikiumba kitu cha pekee kwa kila mstari, chenye baiti 40 hadi 60, hata orodha ya mistari peke yake ikala takriban megabaiti 600. Mwaka 2018 watengenezaji waliacha utaratibu huo, wakachukua ule wa vipande: matini ya asili huachwa kama ilivyo, nyongeza huwekwa kando, na mti wa vipande hutunza mfuatano wao.

Je, faili kama hilo ni kioja? Hata kidogo. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili, ina maneno yapatayo milioni 25. Na kopasi zilizochambuliwa huandikwa mara nyingi kwa wima, neno moja kwa mstari, pamoja na alama zake. Mistari mifupi kwa mamilioni ndiyo kazi ya kila siku ya mwanaisimu. (Kwa kutafuta tu, grep yatosha, kwani hupita mstari kwa mstari bila kushika faili zima, ila kutafuta si kuhariri.)

Kasi ya kufungua nayo hudanganya. Emacs huweka matini yote katika kumbukumbu, ikiacha pengo mahali pa kuandikia. Anayesahihisha ukurasa wa kwanza, kisha akaandika herufi moja mwishoni, hulazimisha matini yote ya katikati ihamishwe ng'ambo ya pengo. Mjaribu asiyeandika chochote hauoni mzigo huo.

Lililo zito zaidi ni kuhifadhi, nalo halipimwi. Ingefaa kubadili herufi moja, kuhifadhi, kisha kulinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Kihariri kinachogeuza kimyakimya alama ya mwisho wa mstari, kutoka mtindo wa Unix hadi ule wa Windows, huongeza baiti moja kila mstari. Kwa mistari milioni 25 hizo ni megabaiti 25, wala hapana kinachoonekana kwenye kioo. Uchambuzi uliotunzwa katika faili la pembeni, unaoelekeza kila neno kwa nambari ya baiti yake, huanza kukosea tangu mstari wa pili.